Mzigo wa Mbele

Hata akiwa hana kitu kichwani, alitembea kama aliyebeba. Shingo yake haikugeuka. Ukimwita kwa nyuma alisimama kwanza, kisha akazungusha mwili mzima polepole, miguu, kiuno, mabega, na mwisho uso, ndipo akakuitikia. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wakimwita kwa makusudi, huyu kushoto, yule kulia, wapate kumwona akizunguka kama mlango. Mimi sikuwahi kumwita. Nilikuwa nikicheka tu, nyuma ya wenzangu, na naandika hivyo kwa sababu nimejiahidi kutotia uongo kwenye daftari hili.

Watu wote walimwita Kirangozi. Zamani, kabla ya reli, kirangozi ndiye aliyetangulia msafara wa wapagazi, mwenye pembe mkononi na kilemba cha manyoya kichwani, na wote waliobeba walimfuata nyayo kwa nyayo. Wazee wa kiume walimwita hivyo kwa kumcheka, maana walisema hajapata kutokea mwanamke kirangozi tangu Tabora iwe Tabora. Yeye alilipokea jina lile kama haki yake. "Naam," alikuwa akiitika. "Nani ananifuata?"

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa. Sasa hivi anakaa fundi cherehani, na mahali alipokuwa akianika matobolwa yake ya viazi vitamu pameegeshwa baiskeli.

Alikuwa na sheria za barabarani ambazo hazikutoka serikalini. Ya kwanza, aliyebeba hapishi. Mama amenisimulia mara nyingi kisa cha gari. Kirangozi alikuwa anatoka kisimani na mtungi kichwani, yuko katikati ya barabara iendayo stesheni, na nyuma yake likaja gari la Mzungu mmoja wa ofisini. Likapiga honi. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"We bibi, pisha gari la Bwana."

"Huyo Bwana amebeba nini?"

"Hajabeba kitu. Si amekaa humu garini?"

"Basi yeye kabebwa, mimi nimebeba. Nani ampishe mwenzake?"

Gari likamfuata kwa mwendo wa mtungi mpaka alipokata kona ya kwetu. Mama husimulia kisa hiki kwa kunong'ona, kana kwamba lile gari bado linanguruma nje ya mlango.

Sheria ya pili, wa mbele akitua mzigo, wote wanatua. Hapo ndipo kambi, papendeze pasipendeze. Ya tatu, njia ya msafara haipitwi mikono mitupu. Mpagazi mikono mitupu ni yule aliyetupa mzigo wake porini akakimbia, na huyo jina lake ni mtoro. Hakuwa na tusi zito kuliko hilo. Mtoro alikuwa mume wake wa pili, aliyekwenda kukata mkonge Tanga asirudi. Mtoro alikuwa padri mmoja aliyekwenda likizo kwao akabaki huko. Hata jogoo wetu, mwaka aliougua kideri asiwike, aliitwa mtoro juu ya ua, na alipochinjwa Kirangozi alikuja kula paja lake bila kinyongo.

Treni aliichukia kwa moyo wote. Reli ndiyo iliyomaliza kazi ya wapagazi, na alisema chuma kile kina nguvu lakini hakimjui hata mtu mmoja kwa jina. Lakini kila siku ya treni ya kutoka Dar es Salaam ungemkuta ameketi nje ya stesheni, michembe ya viazi vikavu kwenye pindo la kanga, anangoja. Ikichelewa hakula. "Imepatwa na nini huko Ugogo?" aliwauliza wachukuzi, kwa sauti ya mtu anayemsubiri mwanawe. Ikifika, alisonya, akainuka, akaenda zake bila kuitazama.

Kwa dini ilikuwa vivyo hivyo. Jumapili alikuwa kwenye misa, rozari shingoni. Palipokuwa na maulidi upande wa Waarabu, alikuwa wa kwanza mkekani. Katekista alimwuliza siku moja yeye hasa ni wa dini gani.

"Ya wanaopika," alisema.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoanza kumjua kwa karibu, na sababu ilikuwa kadi. Karani wa kuhesabu watu alipita mtaani, akaandika kaya zote na kugawa kadi. Jioni Kirangozi alinisimamia uani na kile kikaratasi.

"Wewe unasoma. Wameniandika nini?"

Nikasoma jina, mtaa, mjane. Mwisho palikuwa na neno la kazi, na nikanyamaza.

"Soma."

"Hana kazi."

"Nani hana kazi?"

"Wewe, Bibi."

Alikunja kadi mara nne. Kesho yake alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha ofisi ya karani, na kesho kutwa, na siku ya tatu. Hakugombana na mtu. Alikaa tu, na kila aliyeingia ilimbidi ainue mguu kumruka. Karani alimwambia kazi ya mpagazi haipo tena, imekufa. Akajibu, "Mume wangu wa kwanza amekufa pia, na umeniandika mjane wake." Siku ya nne aliniletea kadi nisome tena. "Hana kazi" ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa hasira, imeandikwa "Mpagazi".

Tangu siku ile nilikuwa msomaji wake, na yeye alikuwa msimulizi wangu. Sijui alinipendea nini. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa jina langu mbele za watu, nalisahau. Darasani nakaa dawati la nyuma, kanisani nguzo ya nyuma. Labda alipenda kwamba sikumkatiza. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikambangulia karanga, naye akasimulia, na usiku nikaandika kwenye daftari kama hili, na madaftari yakafika matatu.

Kisa chake kikubwa kilikuwa hiki. Baba yake alikuwa kirangozi. Yeye, msichana wa umri wangu, alikwenda na baba pwani na kurudi mara tatu, amebeba vyungu na mikeka na unga wa kambi, maana wanawake nao walibeba ingawa hakuna anayewahesabu. Mara ya tatu, wakirudi, ndui iliingia msafarani. Baba alikufa Ugogo. Wanaume waliobaki walikuwa hodari wa kubeba, lakini njia walikuwa wameijua kwa kutazama kisogo cha aliye mbele tu. Msichana alikuwa ameijua kwa kutafuta maji na kuni, kushoto na kulia kwake. Akavaa kilemba cha baba, akashika pembe, akatangulia, na siku nyingi za mguu wakamfuata mpaka nyumbani.

Hapo kisa kilikuwa na miisho miwili. Siku za furaha aliingia mjini na kilemba chake, bunduki zikapigwa, vigelegele vikaita mpaka mbwa wakajificha. Siku nyingine alifika mpaka kile kilima cha mawe kilichoko mashariki ya mji, ambapo mtu atokaye pwani huiona Tabora kwa mara ya kwanza, akakiacha kisa hapo, akaanza habari ya chumvi. Niliona kwamba katika mwisho wa kwanza kilima hakikuwamo kabisa. Sikuuliza. Mimi siulizi.

Kilima kile ndicho kilichomgombanisha na watu wote. Desturi ilikuwa kwamba asubuhi ya siku ya mwisho, kwenye korongo walikolala, kila mpagazi aliongeza jiwe moja juu ya mzigo wake. Aliyefiwa na mwenzake njiani alibeba na la mwenzake. Waliyatua kileleni, juu ya rundo moja. Kirangozi alisema rundo lilikuwa refu kuliko nyumba, na kwamba upande wa kaskazini yalikuwamo mawe ya msafara wake, na la baba yake akalibeba mwenyewe. Kisha Serikali ikakifanya kilima kuwa msitu wa akiba. Wakaja wapimaji. Walihitaji mawe ya kujengea nguzo ya mpaka, na mawe yalikuwepo pale tayari, yamerundikwa vizuri. Wakachukua yaliyowafaa, mengine wakayasukumia bondeni. Chini, njia inapoingia msituni, wakasimamisha ubao: Msitu wa Serikali. Hakuna Ruhusa Kupita.

Alikuwa hawezi kusoma ubao, na aliposomewa hakuweza kuukubali. Kila mara miguu ilipomruhusu alizunguka kwa njia ya reli mpaka korongoni, akaokota jiwe, akapanda nalo. Alikuwa anawarudisha wenzake mmoja mmoja, kwa mpangilio wa mwendo wao, mwenye mzigo wa mbele kwanza. Majina aliyataja akitwanga, kila pigo mtu mmoja. Niliomba niyaandike akakataa. "Ukishaandika utaona umebeba," alisema. Mlinzi wa msitu alimkamata mara mbili, mara mbili akafikishwa barazani, mara mbili akaachiliwa kwa uzee wake. Mara ya tatu waliapa kumfunga. Jiwe la baba yake lilikuwa bado. Lile alilitaka liwe la mwisho.

Sasa niandike ile Jumamosi.

Mwalimu wetu wa Jiografia ni Mwingereza, mwanamke kijana bado, pua imebabuka kwa jua, na si mtu mbaya. Alitutangazia kwamba tutatembea siku nzima vilimani, tuone mimea na wanyama, na tujifunze desturi za wenyeji.

Veronika, ambaye hukaa mbele yangu na hana haya ya kitu chochote, alinigeukia. "Wenyeji si ndio sisi? Tunakwenda kujitazama."

Mwalimu akauliza nani anamjua mtu aijuaye njia ya zamani ya misafara. Niliinamisha kichwa. Veronika akasema, "Huyu hapa, mwalimu, ana Kirangozi mzima uani kwao." Nikatumwa.

Kirangozi alinisikiliza huku akipeta mtama. Aliuliza jambo moja tu. "Huyo mwalimu wako anabeba?"

"Sijui, Bibi."

"Tutajua."

Tuliondoka asubuhi, wasichana ishirini na watatu wenye kofia za majani, tukafuata reli kuelekea mashariki. Sijamwona Kirangozi akiwa na furaha kama siku ile. Alitusimamisha chini ya mninga akauchanja gome kwa ukucha mpaka utomvu ukatoka mwekundu, akatuambia tusiogope, mti una damu lakini hauna maneno. Alituonyesha mzinga wa gome juu ya mti wa mtundu na nyuki wakitoka na kuingia. Alitulisha matunda ya ntalali mpaka midomo ikakauka. Pimbi alipochungulia mwambani, Kirangozi alimpungia mkono, akasema yule ni karani, anatuhesabu. Mwalimu aliandika yote, hata karani, ndipo Veronika akamweleza kwamba ni mzaha.

Korongoni akasema, "Kila mtu jiwe lake. Kama kichwa cha mtoto mchanga, lisipungue."

Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. Akachagua lake, la rangi ya kutu, akalipangusa kwa kanga, na mimi nikajua kwamba leo anambeba baba yake. Mwalimu naye aliokota. Kirangozi akasokota leso ikawa kata, akamvua mwalimu kofia, akamtwika. "Shingo usigeuze," alimwambia. "Ukiitwa, geuka wote."

Kisha akasimama mbele, mahali pake. Mwalimu akamshika bega kwa upole, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Samahani, bibi. Mimi ndiye ninayewajibika kwa wasichana hawa. Itanipasa nitangulie."

Nilidhani patachimbika. Mtu aliyelifanya gari limfuate. Lakini Kirangozi alimtazama kitambo, akasema, "Haya," akasogea nyuma yake. Ile "haya" ilinitisha kuliko kelele.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Alikuwa ameniona tangu asubuhi. "Umekaa mkiani tena," aliniambia nilipompita kuchukua jiwe langu. "Si kitu. Mkiani anatakiwa mwenye macho. Tazama nani anadondosha."

Njia ilipinda kuelekea nyumbani, ikaanza kupanda. Tulifika kwenye ubao, hatua chache ndani ya mpaka, na pembeni ya nguzo yake lilikuwa limechanua ua dogo la zambarau. Mwalimu akafurahi. Akalitua jiwe lake chini, akatoa penseli, akaanza kulichora lile ua.

Kirangozi akasimama. Akatua jiwe la baba yake kando ya lile la mwalimu, akaketi, akanyoosha miguu.

"Tueni. Kambi."

"Bado hatujafika juu," mwalimu alisema.

"Wa mbele ametua."

"Nimepumzika dakika mbili tu, bibi. Tunaendelea."

"Utaendelea kesho. Leo umeshatua. Si mimi niliyesema upite mbele."

Wasichana wakalipuka kwa kicheko, wakatua mawe yao yote kuzunguka ule ubao, wakaketi katikati ya msitu wa Serikali wanakula mihogo. Mwalimu alibaki na penseli hewani. Ndivyo alivyotukuta mlinzi.

Mlinzi wa msitu ni Mgogo, mrefu, kaptula imepigwa pasi hata porini. Alipomwona Kirangozi alishusha pumzi kama mtu aliyekuta mbuzi yule yule shambani.

"Bibi. Wewe tena."

"Mimi tena, mjukuu. Babu yako kule Ugogo alitutoza nguo kwa kisima cha tope. Wewe umekuja kututoza mlima?"

"Babu yangu alikosea. Angewaacha na kiu yenu, leo ningelala nyumbani."

"Angeoa nani? Bibi yako alituona akataka kuhama nasi."

Hata mlinzi alicheka, maana utani ni utani. Kisha akajikumbuka, akamgeukia mwalimu, akavua kofia. Akamwambia yeye na wanafunzi wanaweza kupita, barua ya shule imefika. Ila huyu bibi amekatazwa barazani. Anarundika mawe juu ya nguzo ya mpaka na kudai njia ni yake.

"Anasema aliongoza msafara hapa," mwalimu alisema.

"Anasema, Mama. Waulize wazee wote mjini. Mwanamke hakuongoza msafara. Amezeeka, anajitungia."

Kirangozi alikuwa ametazama mbele, shingo imesimama. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akanifikia.

"Wewe ni jirani yake. Unamjua miaka mingi. Je, asemayo ni kweli? Kama ni kweli, nitakwenda naye juu na nitamwandikia mkubwa wa ofisi mimi mwenyewe."

Nyuso ishirini na mbili ziligeuka. Na yeye akageuka, polepole, miguu, kiuno, mabega, uso. Nilikuwa na madaftari matatu nyumbani. Nilijua jina la mwenye mzigo wa mbele, na wa pili, na wa tatu. Nilijua kisima kipi kilikuwa na ruba.

"Sijui, mwalimu," nikasema.

Tukapanda bila yeye, tukayaacha mawe. Tulikwenda mikono mitupu, watoro ishirini na watatu na mwalimu wao. Juu tuliona mji wote, paa la stesheni, mnara wa misheni, mabati ya hospitali kule Kitete yakimetameta. Mlinzi alitueleza kuhusu nguzo ya mpaka. Katikati ya saruji niliona mawe, makubwa kwa madogo. Tuliposhuka Kirangozi hakuwepo. Mawe yetu yote alikuwa ameyapanga kuuzunguka ule ubao, yakafika magotini, safi kama ukuta wa fundi. La rangi ya kutu hakuliacha. Alikuwa amerudi nalo.

Insha yangu ya safari ile ilipata alama za juu darasani. Ilikuwa na mninga, nyuki, pimbi. Yeye hakuwamo. Mwalimu aliisoma mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa mimi nisingeweza.

Nilijificha siku mbili. Siku ya tatu nikasikia juu ya minyaa, "Mtoro. Njoo ukaninunulie chumvi." Hakuniambia neno jingine. Tangu hapo nikawa Mtoro, asubuhi na jioni, mbele ya wageni, mbele ya Mama. Mama alimwuliza Kirangozi, huyu binti ametoroka nini. "Mwulize mwenyewe, anasoma," alisema.

Siku moja baada ya Pasaka tulikuwa tunabangua karanga, nikashindwa. Nikasema, "Bibi, siku ile nilikuwa najua."

"Najua ulijua."

"Niliogopa watu."

Alibangua ganda jingine, akapuliza. Kisha akanisimulia mwisho wa kisa, ule wa kilima, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyombo. Walipofika kileleni, wakatua mawe, wanaume walimjia wakiwa na adabu. Walisema binti, umetufikisha, Mungu akulipe. Lakini mji unatazama. Watu watasema nini wakituona tunamfuata msichana? Au unataka mwenyewe kuingia mbele ya wanaume?

"Ukasemaje?"

"Waliniuliza mbele za watu wote. Nikasema, sijui." Alitupa maganda. "Kilemba hawakuninyang'anya. Nilikitoa kwa mikono yangu miwili. Nikaingia mjini mkiani, na vyungu. Bunduki zilizopigwa zilikuwa za mwingine."

Nikayafagia maganda kwa kiganja. Baadaye akasema, "Basi ndiyo maana nakuita Mtoro. Naita kwa uzoefu."

Msimu ule wa masika mguu wake ulivimba, akalazwa Kitete wiki nzima, akarudi na fimbo aliyoichukia akaiita mume wa tatu. Kule kilimani mlinzi alikuwa akiyatawanya mawe ya kwenye ubao, na wanawake waliotoka kuokota uyoga nje ya mpaka walikuwa wakiyarudisha, bila kuagizwa na mtu. Ubao ulikuwa umeinama.

Mvua zilipokatika aliniita alfajiri. Amevaa kanga mpya, jiwe la rangi ya kutu liko mlangoni.

"Nitwike," alisema.

"Bibi, mguu."

"Sibebi kwa mguu."

Nilimtwika. Tulikwenda polepole mno. Jua lilikuwa kali tulipofika korongoni, na pale akanichagulia jiwe. Sikuuliza la nani. Akanitwika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo. Nikamngoja atangulie. Hakutangulia.

"Njia unaijua," alisema. "Umeiandika madaftari matatu."

Nikapita mbele. Sijawahi kuwa mbele ya mtu yeyote. Huoni kisogo cha mtu, unaona njia tu, na inatisha. Nyuma yangu nilisikia fimbo, mguu, fimbo, mguu, na katikati yake majina, moja baada ya jingine.

Mlinzi alikuwa ameketi chini ya ubao wake ulioinama. Akasimama katikati ya njia, akatazama juu ya kichwa changu, kwa yule wa nyuma.

"Nilisema mara ya tatu ni kifungo. Nani anaongoza hapa?"

Nilingoja ajibu, kama alivyojibu siku zote. Fimbo ilikuwa imenyamaza. Majina yalikuwa yamenyamaza. Nilitaka kumtazama, lakini nilikuwa na jiwe kichwani, na ningetaka kumwona ingenibidi nigeuke mwili mzima, na mlinzi angeniona nikigeuka.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Kirangozi." Sauti ilikuwa yangu, nyembamba, lakini ilifika. "Tumebeba. Wewe hujabeba kitu. Tupishe."

Alinitazama muda mrefu. Akamtazama yeye, na mguu wake, na lile jiwe la kutu. Kisha akasogea hatua moja tu pembeni, na njia ile ni nyembamba, hatua moja inatosha.

Nilibaki nimesimama, sijui kama kweli imekwisha.

"Tembea basi, kirangozi," sauti ikasema nyuma yangu. "Shingo inaniuma."